Fundi Aliyeimba Nje ya Dirisha

Katika mstari wetu wa nyumba pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wanawake wote walifagia nyua zao asubuhi na mapema, ufagio mkavu juu ya udongo mkavu, mpaka mtaa mzima ukajaa ukungu mwekundu. Nyumba moja tu haikushiriki. Fundi, mama mshonaji aliyekaa humo, alitoka saa nne, vumbi la wenzake likiwa limekwisha kutua. Alishika kopo lililotobolewa kwa msumari, akanyunyiza maji mlangoni pake kama mtu anayemwagilia mchicha, ndipo akafagia. Majirani walimwita mvivu. Walipochoka kumwita mvivu walimwita mwenye majivuno, kwa sababu maji ya kambi yalipatikana kwa foleni, na yeye aliyamwaga chini.

"Maji ya foleni unamupa udongo kunywa?" jirani mmoja alimuuliza.

"Maji nikimaliza nitapanga foleni nipate ingine," Fundi alijibu bila kuinua macho. "Kichwa nikimaliza, nitapanga foleni wapi?"

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta karibu miaka tisa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi, kwa hiyo nilisikia cherehani yake, nyimbo zake, na chafya zake: saba, nane, kumi mfululizo, halafu kimya kirefu, halafu sauti yake ikisema, "Bon. Imeanza." Mimi nilikuwa katibu wa kanisa letu dogo, ndiyo maana hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa Sekretere. Yeye alitoka Bukavu, mimi Uvira, na hakuacha kunikumbusha kwamba watu wa Uvira tunajua samaki, lakini kitambaa hatujui.

Kichwa chake kilikuwa na tabia nilizozijua kama tabia za mgeni anayekuja mara kwa mara. Kwanza macho yaliwasha, akayasugua kwa mgongo wa mkono. Pua iliziba. Kisha maumivu yalijenga katikati ya macho, yakapanda kwenye paji la uso na kushuka mashavuni, mazito, ya kusukuma. Akiinama kuokota sindano, alisema, kichwa kilijaa kama ndoo inayoinamishwa upande mmoja. Siku hizo alishona akiwa ameinua kidevu, akitazama kitambaa kwa chini ya kope, na mteja asiyemjua alidhani anadharauliwa.

Zahanati ilikuwa na majibu mawili kwa kila kichwa kinachouma: malaria au mawazo. Walimtoboa kidole, malaria haikuonekana, wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia kupitia mkalimani kwamba mkimbizi huwaza sana.

"Ninawaza, ndiyo," alimwambia mkalimani. "Muambie ninawaza siku zote saba. Kichwa inauma siku tatu, ine. Zile zingine, mawazo inaendaka wapi?"

Basi akaenda kulitafuta jibu mwenyewe, kwa njia ya fundi. Alikata utepe mweupe upana wa vidole viwili, akautundika kando ya cherehani, na kila siku akautia mshono mmoja. Siku ya kichwa, uzi mwekundu. Siku ya upepo mkali, uzi wa kijani kando yake. Siku aliyofungua balo la kaunjika, zile nguo za mitumba alizozinunua, kuzifumua na kuzishona upya, uzi wa buluu. Siku ya ibada, njano. Siku njema alishona nyeupe juu ya nyeupe, na alisema hiyo ndiyo rangi aliyokuwa akiitafuta.

Baada ya miezi mitatu aliniita nje. "Soma, Sekretere. Wewe njo mutu wa maandiko."

Niliangalia. Nyekundu haikusimama peke yake hata mara moja. Ilikuwa daima ubavuni mwa buluu, au kijani, au njano. Wiki za mvua zilikuwa karibu zote nyeupe.

Aliupeleka utepe ule zahanati. Mhudumu wa zamu, kijana Mmalawi, aliugeuzageuza, akacheka, kisha akaacha kucheka na kuanza kumuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Macho yanawasha? Pua inaziba upande mmoja au yote? Chafya zinaanza kabla ya kichwa au baada? Mwishowe akamwambia ni mzio. Mwili wake ulikutana na vumbi na ukapigana nalo kama na adui, pua ikavimba ndani, na vile vijumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso vikaziba. Haung'oki kama jino, alimwambia, lakini unaweza kuishi nao ukijua unakotokea.

Fundi alirudi akapiga ukuta wangu kwa ngumi. "Sekretere! Iko na jina!"

Tangu siku hiyo alikuwa na kanuni, na alizitangaza kwa kila aliyeleta suruali kupunguzwa. Balo halifunguliwi ndani ya nyumba: linafunguliwa nje, umeupa upepo mgongo, umefunga kitambaa chenye unyevu puani. Nguo za kaunjika zinaloweshwa kabla ya kufumuliwa. Shuka zinafuliwa kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani, na mkeka unapigwa mbali na mlango. Jioni alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kidogo na kusafisha pua kwa sauti iliyonifanya niweke kijiko chini.

"Mi nakula hapa!" nilipiga kelele kupitia ukuta.

"Kula! Mi nafagia nyumba ya juu!"

Lakini alikuwa na mpaka wake, na hakuuvuka. Mtu akimjia na kichwa chenye homa, au shingo iliyokakamaa, au kichwa kilichokuja ghafla kama kupigwa nyundo, alimfukuza mlangoni. "Hiyo haiko yangu. Kimbia zahanati, bakupime. Usikae hapa kuniuliza uzi."

Vidonge vya mzio alivipata, lakini vilimletea usingizi. Siku ya kwanza alimeza asubuhi na kuketi kwenye cherehani, na jioni mzee mmoja wa Fizi alikuja kuchukua koti lake akakuta mikono yote miwili imeshonwa upande wa kushoto. Mzee alilivaa hata hivyo, kwa ukaidi, mkono mmoja ukining'inia kifuani.

"Mama Fundi, huyu mwenye koti hii alizaliwa namna gani?"

"Papa, samahani. Nilishona nikilala."

"Basi fumua ukiamka."

Baada ya hapo alimeza kidonge jioni tu, tena siku ya balo pekee.

Alikuwa na kasoro yake, na siwezi kuificha kwa sababu nilimpenda. Alikuwa na paka, jina lake Shefu, aliyelala juu ya vitambaa vilivyokatwa, siku nyingine juu ya mto wake. Mtu aliyejaribu kila kitu kwa uzi na sindano hakuwahi kumpa paka rangi. Nilimuuliza. "Shefu hayumo," alisema. Nikamwambia mhudumu alitaja manyoya. "Alitaja manyoya. Hakutaja Shefu." Asubuhi nyingine nilisikia chafya ambazo hazikuwa na upepo wala balo.

Sasa nije kwenye njano.

Kanisa letu lilikuwa na kuta za matofali mabichi na sakafu ya udongo. Wanawake waliifagia haraka, ufagio mkavu, dakika chache kabla ya ibada. Kisha kwaya iliingia ikicheza. Kisha yalikuja maombi ya vita, na sisi maombi ya vita hatukuyafanya tumeketi: tulimkanyaga Shetani. Mamia ya miguu ilipiga udongo kwa pamoja, na kadiri tulivyomkanyaga kwa imani ndivyo vumbi lilivyopanda mpaka mchungaji akaonekana kama mtu aliye nyuma ya pazia. Hapo ndipo Fundi, aliyesimama mstari wa sauti ya pili, alipoanza kupiga chafya, machozi yakamtoka, akashika kichwa kwa mikono miwili na kukimbia nje.

Sisi tuliona tulichozoea kuona. Kila tunapomkanyaga Shetani, huyu mama anashika kichwa. Maombi yakiisha, anapona. Hatukuhitaji nabii kutufasiria.

Aliitwa mbele ya baraza. Walikuwapo mchungaji, Mzee wa Kanisa, Mama Pasta ambaye ni mke wa mchungaji, na mimi na kitabu changu cha kumbukumbu. Aliambiwa afunge siku tatu, aje mbele ya watu wote, akiri pepo lilimwingia wapi, na aombewe. Akikataa, ataondoka kwenye kwaya. Hakuna aliyeongeza lililobaki, kwa kuwa wote tulilijua: wateja wake wengi walikuwa wanawake wa kanisa, na kambini neno "pepo" hukutangulia bombani na kwenye foleni ya mgao. Mwanamke wa peke yake akishapewa jina hilo, hata moto wa kuwashia jiko haombi tena.

Fundi alifungua mkoba akatoa utepe wake. Alifikiri ushahidi ni ushahidi. Aliunyoosha mezani, nyuzi nyekundu juu ya nguo nyeupe, na Mzee wa Kanisa akarudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Njo hirizi yenyewe! Ameileta mwenyewe!"

"Papa, hii ni kitambaa. Hesabu tu. Ona njano, ona nyekundu."

"Mi siguse ile kitu."

Mama Pasta ndiye aliyeushika. Aliupitisha vidoleni polepole, mshono kwa mshono, akaurudisha mezani.

"Basi munipe Siku ya Mungu moja," Fundi alisema. "Moja tu. Nitakuja mbele ya bantu, na ndoo mbili za maji, nitanyunyiza chini kote. Kisha mukanyage Shetani mpaka muchoke. Kichwa ikiniuma, nitapiga magoti hapo mbele yenu na nitasema yote munataka niseme."

"Kumwaga maji ndani ya nyumba ya Mungu kabla ya watu kuingia?" mchungaji aliuliza. "Unajua ni watu gani wanafanya hivyo?"

"Bale benye kuwa na vumbi, Papa Pasta."

Alikataliwa. Mchungaji aliniamuru niandike kwamba dada huyu anasimamishwa kuimba kwa sababu ya kukataa kufunguliwa pepo. Fundi alisimama, akaja upande wangu wa meza, akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Andika vumbi."

Nilimtazama mchungaji.

"Usimuangalie yeye. Yeye haandike, wewe njo unaandika. Umekaa na mi ukuta moja. Umesoma uzi na macho yako. Andika vumbi, Sekretere."

Niliandika pepo. Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama na kulisoma mbele ya watu wote, kati ya tangazo la harusi na tangazo la kazi ya kukanda matofali.

Wiki iliyofuata kwaya ilianza wimbo wa kuingilia ikiwa na pengo pale ilipokuwa sauti ya pili. Kufikia ubeti wa pili, pengo lilizibwa. Sauti ilitoka nje. Fundi alikuwa ameketi juu ya jiwe chini ya dirisha, kitambaa chenye unyevu shingoni, mgongo wima, akiimba sehemu yake yote bila kukosa hata pumzi. Mzee wa Kanisa alitoka kumwondoa. Tulimsikia wote.

"Umesimamishwa, mama."

"Nimesimamishwa ndani. Ona, nimekaa nje."

Alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Wateja walipungua, na alishona kaunjika tu na nguo za wanakijiji wa Dowa waliokuja sokoni na hawakujali pepo za Wakongo. Lakini lile jiwe halikukosa mtu. Waimbaji wa sauti ya pili walianza kujisogeza kidogo kidogo, mpaka mstari wao ukawa umepinda kuelekea dirishani.

Nilikuwa na mazoea ya kuandika mambo, na nilianza kuandika hili pembeni, kwa ajili yangu. Kiangazi chote aliketi nje, hatua mbili kutoka kwetu, akisikia kila ombi. Hakushika kichwa. Upepo wa kwetu ulivuma kutoka upande wa nyuma yake, ukaingia dirishani kwetu. Siku moja, tulipokuwa tukitoka tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, alimsubiri Mzee wa Kanisa mlangoni.

"Papa, leo mumekanyaga Shetani vizuri sana. Nimesikia yote. Ile pepo yangu nayo imesikia yote. Mbona imenyamaza? Iko kiziwi ao inaogopa dirisha?"

Watu walicheka, na Mzee wa Kanisa alijifanya anapangusa viatu.

Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, Mama Pasta alitoka katikati ya ibada, akamshika mkono pale jiwe lilipo na kumwingiza ndani akiwa ameloa. Hakuna aliyethubutu kumzuia mke wa mchungaji. Paa letu lilivuja na sakafu ilikuwa tope. Tulikanyaga Shetani, matope yakaturukia magotini, na Fundi aliimba tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mtu alimwangalia kichwa. Hakikufanya chochote.

Kiangazi kilichofuata, mtu alianza kufika kanisani kabla ya wote na dumu la maji. Nilimwona: Mama Pasta, sketi ameikunja, akinyunyiza sakafu kwa mkono. Hakutangaza. Mchungaji hakuuliza. Mzee wa Kanisa alikwenda chini ya dirisha, alikokuwa ameketi tena Fundi tangu mvua zilipokwisha, na kumwambia anaweza kurudi mahali pake.

"Mulinitoa na kitabu," alimjibu. "Munirudishe na kitabu."

Kitabu hakikufunguliwa. Basi aliendelea kuimba juu ya lile jiwe, ingawa sababu ya vumbi ilikuwa imekwisha, mpaka aliposafiri kwenda Mitundu kushona kwenye baraza la duka moja, siku za soko. Alimchukua Shefu ndani ya kikapu. Kwangu aliacha kopo lenye matundu, hakusema ni la nini.

Niliwahi kumwona mara moja tu baadaye, miaka kadhaa imepita. Nilikuwa City Centre, Lilongwe, katika ofisi moja nilikokwenda kufuatilia karatasi. Chumba cha kungojea kilikuwa kizuri, viti vya mto, zulia nene ukuta hadi ukuta. Nikiwa nimeketi nilisikia mtu nje akiimba chinichini, na haikuwa sauti ya kwanza.

Alikuwa amesimama barazani kando ya dirisha, nywele zimekuwa nyeupe mbele, karatasi zake chini ya kwapa. Askari wa mlangoni alikuwa akimbembeleza kwa Kichewa aingie ndani. "Mayi, lowani mkati."

"Zikomo, niko bien hapa," alimshukuru. Aliponiona hakushangaa. "Sekretere. Umekaa juu ya ile zulia? Kesho usiniambie kichwa."

Tulicheka. Nilimuuliza hali. Kichwa bado kinamjia, alisema, lakini mara chache, na kikija anajua kimetokea mlango gani. Shefu alikuwa amekufa kwa uzee. "Na chafya za asubuhi zimepunguka," alisema, akaniangalia kwa ukali. "Usiseme kitu."

Nilitaka kumpa habari ya kumfurahisha, nikamwambia kanisa sasa lina sakafu ya sementi, ingawa imechubuka na vumbi la barabarani bado linaingia, na kwamba lile dumu bado lipo mlangoni. Vijana hawajui lilianzaje. Mchungaji mpya anaamini ni desturi ya zamani ya kanisa, kwa hiyo huliombea kwanza, halafu akina mama hunyunyiza. Wanayaita maji ya baraka. Wengine wanachukua kidogo kwenye chupa wapeleke nyumbani.

Nilidhani atacheka tena. Uso wake ulibadilika.

"Baraka?"

"Ndiyo."

"Walisema maji yangu ni ya uchawi. Sasa ni ya baraka?" Alihamisha karatasi zake kwapa la pili. "Hapana. Sikubali ya kwanza, sikubali ya pili. Kama kuna mutoto pale ndani kichwa inamuuma sawa yangu, atafanya nini na baraka? Atakunywa ile chupa. Hatajua kuosha shuka, hatajua kufunga pua. Ile kitabu iko wapi?"

"Ninayo."

"Bado imeandikwa pepo?"

"Bado."

"Basi kazi yako haiishe. Na usiandike kimya. Ile ingine uliisoma mbele ya bantu."

Jina lake liliitwa kutoka ndani. Aliinua kitambaa cha shingoni, akakifunga puani, akaingia juu ya lile zulia kama mtu anayevuka mto, kidevu juu.

Jumapili ile, wakati wa matangazo, nilisimama na kitabu cha zamani. Mzee wa Kanisa, ambaye sasa alitembelea fimbo, alilitambua jalada na kuinamisha kichwa. Nilisoma nilichoandika miaka ile. Kisha nilisoma nilichoandika chini yake kwa kalamu mpya: kwamba fundi wetu hakuwa na pepo, kwamba alikuwa na mzio wa vumbi, kwamba alituambia na tukakataa kusikia, kwamba maji ya mlangoni ni yake na ni ya kutuliza vumbi tu, na kwamba mimi nililijua hilo siku nilipoandika vingine.

Mchungaji mpya alinitazama kama mtu aliyepewa barua ya mwenzake. Mama Pasta, mjane sasa, aliketi benchi la mbele na kutikisa kichwa polepole, juu na chini.

Kisha kwenye mstari wa nyuma kabisa alisimama mwanamke kijana nisiyemjua, macho mekundu, kitenge amekishika puani.

"Sekretere," alisema, na akagusa katikati ya nyusi zake. "Ile vumbi, inaumaka hapa?"

"Hapo hapo," nilimwambia, na nikawaomba watu wa benchi la dirishani wasogee wampishe.